Asali ya kudondoshea machoni: leo siku ya 21, macho yamepungua weusi. Wajuzi njooni

#1 Kinyonga Mpole
Habari wakuu. Naingia moja kwa moja kwenye mada.

Macho yangu ni kahawia nzito, ile ambayo mtu akiwa mbali anasema ni nyeusi. Tangu ujana natamani yawe mepesi kidogo. Siyo bluu, sijafika huko, nataka tu kahawia inayoonekana kuwa kahawia. Nikakutana na video, jamaa anachanganya kijiko kimoja cha asali na vijiko vitano vya maji yaliyochemshwa yakapoa, anadondoshea tone moja kila jicho kabla ya kulala. Nikaanza. Leo ni siku ya 21.

Inawasha kama moshi wa kuni. Machozi yanatiririka dakika mbili tatu, halafu jicho linabaki jeupe, safi, linang'aa. Nimepiga picha kila wiki, na ukiiweka ya kwanza kando ya leo tofauti ipo. Wala siyo mimi tu ninayeiona. Mke wangu sijamwambia kitu, juzi kaniuliza "macho yako yana nini?"

Maswali yangu: (a) kuna mwingine aliyejaribu? (b) niendelee hadi siku ya ngapi? (c) nasikia ukiongeza limau kidogo inaharakisha, ni kweli? Picha hizo hapo chini. Nawasilisha.

#2 Mtukutu77
Jina Kinyonga, halafu unatafuta kubadili rangi. Nimevuta kiti, endeleeni.

#3 Chumvi Nyingi
Mkorogo umemaliza uso, ukamaliza shingo, sasa umepanda machoni. Hivi hatuchoki?

#4 Fundi Miwani
Mkuu, nianze na (c) kabla hujalala leo. Limau usiguse. Machozi yana pH (kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu unapanda) ya 7.4 hivi, maji ya limau yako kwenye 2. Kipimo hicho kila hatua moja ni mara kumi, kwa hiyo hapo unaongelea uchachu unaoyazidi machozi kwa zaidi ya mara laki moja. Na kile kioo cha mbele ya jicho, konea, unene wake katikati ni nusu milimita tu. Kwenye nusu milimita hakuna "kidogo".

Asali kubadili rangi sijawahi kuona, na kazi yangu ni kuchungulia macho ya watu mwaka wa 19 huu.

#5 bintiKasuku
Nimezikuza hizo picha. Mbona kama jicho la kushoto ndilo lililobadilika? La kulia naliona ni lile lile.

#6 Kinyonga Mpole
Dada, upande huo ndio wenye dirisha, mwanga unaingilia huko. Ila yamebadilika yote mawili, angalia vizuri.

#7 Mashaka Yote
Nimeangalia vizuri mpaka nimepitiliza. Nimezipanga picha mbili sambamba, nikaanza kulinganisha vitu visivyo macho. Ukuta nyuma yako siku ya kwanza ni kijivu, siku ya 21 ni krimu. Kola ya shati, shati lile lile, imepata weupe. Hadi meno. Kwa hiyo ama umeidondoshea asali nyumba nzima, ama simu imeongeza mwanga.

Kamera ya simu hujiamulia yenyewe nyeupe ni ipi na mwanga uwe kiasi gani. Kichwa kikisogea kidogo karibu na dirisha, inapanga hesabu upya. Kama una nia ya kweli, piga tena saa ile ile, umbali ule ule, karatasi nyeupe ukiwa umeibandika kando ya shavu, na uzime ile ya kulainisha uso.

#8 Mtukutu77
"Hadi meno" 😂😂 Mashaka hufai.

#9 Jongoo la Usiku
Naomba niseme yangu, nimenyamaza nayo miaka sita.

Nilikuwa na miaka 23. Nikaanza na asali tupu kama mtoa mada, na mimi pia niliona "inang'aa". Wiki ya tatu nikaona mwendo ni wa konokono, nikaongeza limau. Matone mawili tu, kwenye maji ya kujaa kikombe kidogo. Nikatanguliza jicho la kulia. Ile siyo kuwasha, jamani. Ni kama mtu kakumwagia mchanga wa moto halafu akakufunga kope juu yake. Nikakimbilia bomba, nikajimwagia maji labda dakika moja, nikaona limetulia, nikalala. Saa nane usiku nimeshtuka, kope zimegandana, mto umelowa, na ule mwanga mdogo wa taa ya koridoni unaopenya chini ya mlango unanichoma kama sindano.

Asubuhi hospitali. Kidevu juu ya kibao, paji la uso kwenye mkanda, daktari kakaa upande wa pili wa darubini. Akachukua kikaratasi chembamba chenye ncha ya rangi ya chungwa, akakigusisha ndani ya kope la chini, "pepesa", kisha akawasha mwanga wa bluu. Akanyamaza. Akamwita mwanafunzi wake: njoo uone. Yule mwanafunzi baadaye alinionyesha picha. Jicho langu lote giza, halafu chini ya mboni kuna kitu cha kijani kinawaka, umbo kama la kucha. Ndipo pale ngozi ya juu ya jicho ilipobanduka.

Ilichukua siku tano kufunga. Kovu hafifu limebaki, usiku kila taa ya gari inaniotea ndevu. Na rangi? Ile ile. Nyeusi ti.

#10 Kinyonga Mpole
Pole sana ndugu. Limau nimelifuta kwenye mpango. Asali bado sijashawishika.

#11 Nurujicho
Jongoo, pole. Kwa wengine wanaosoma: kitu kikali kikiingia jichoni, dakika moja haitoshi. Maji safi yatiririke dakika 15 hadi 20, kope zimeshikwa wazi, halafu ndiyo uende hospitali. Kuna kemikali inayoendelea kuchimba hata baada ya maumivu kupungua. Za aina ya magadi, chokaa na sabuni kali ni mbaya kuliko hata za uchachu, maana zinayeyusha njia na kuzama ndani.

Sasa rangi. Watu wanadhani rangi ya jicho iko juu kama rangi ya ukuta, ukipangusa inapauka. Haiko juu. Mbele kabisa kuna konea, ambayo haina rangi. Nyuma yake kuna chumba cha majimaji. Nyuma ya majimaji ndiyo kuna airisi, ule mviringo wenye rangi, na melanini yake, yaani ile rangi yenyewe, imefungwa ndani ya seli. Tone la asali linaishia juu ya konea, machozi yanalisukuma, linaingia tundu dogo la kona ya jicho na kushuka puani. Ndiyo maana baadaye unasikia utamu kooni. Haliwezi kupita.

Na hakuna dawa ya bluu ndani ya jicho la bluu. Melanini ikiwa chache kwenye tabaka la mbele la airisi, mwanga unatawanyika na kurudi ukiwa bluu, kama mbingu. Tabaka la nyuma la airisi ni jeusi kwa karibu watu wote, hata wenye macho ya bluu. Kahawia yako ni melanini nyingi tu, hakuna uchafu wa kusafisha.

#12 Yai Viza
Samahani Nurujicho, hapo kwenye "haliwezi kupita" sikubaliani nawe. Mimi nikienda kupimwa macho wananidondoshea dawa, nusu saa mboni zimepanuka, siwezi kusoma hata ujumbe wa simu. Ile imepitaje?

#13 Nurujicho
Umenikamata, nimesema kwa haraka. Dawa nyingi za matone zinapita konea, ila zimetengenezwa zipite, na hata hizo kinachofika ndani ni asilimia chache tu ya tone. Sukari ya asali si molekuli ya namna hiyo. Tena hata ingefika, lazima iingie ndani ya seli ikavunje melanini, na asali haina uwezo huo.

Na kwa kuwa umefungua mlango: ipo dawa ya matone inayobadili rangi ya macho kweli. Latanoprost, ya presha ya macho, inatumika tangu 1996. Baadhi ya watumiaji airisi zao hubadilika rangi, hasa wenye macho ya mchanganyiko kama kijani na kahawia, na haibadiliki tena hata ukiacha dawa.

#14 Kinyonga Mpole
EHEE! Kumbe tone linaweza kubadili rangi! Mbona mlinikaba hivyo?

#15 Fundi Miwani
Linaweza, kuelekea kwenye weusi. Inafanya seli zitengeneze melanini zaidi. Mtu mwenye jicho la kijani anatoka nalo la kahawia.

#16 Mtukutu77
Kinyonga katafuta mlango, kapewa ukuta uliochorwa mlango.

#17 Mama Tausi
Wanangu, mnambeza bure. Mimi naamini ameona kitu, na mkewe kaona. Asali inavuta maji, ndiyo tabia yake. Ikigusa jicho machozi yanakuja kwa nguvu yanasafisha, weupe wa jicho unatulia, na weupe ukiwa safi ile kahawia inajitokeza. Ni kama kuosha sahani: ua lililochorwa katikati halijabadilika, ila sasa unaliona.

Halafu kuna mboni. Mchana wa jua mboni inasinyaa, rangi inatanuka, jicho linaonekana jepesi. Jioni mboni inafunguka, weusi unajaa. Binti yangu wa pili nikimtazama saa sita nje nasema ana macho ya kahawia. Ndani ya nyumba nasema nilidanganywa na jua.

#18 Mashaka Yote
Mama, hiyo ya mboni naikubali mia kwa mia, ile ya sahani nusu. Kuwasha kila siku wiki tatu huwa kunaleta wekundu, siyo weupe.

#19 Kinyonga Mpole
Wekundu ulikuwepo wiki ya pili, sikutaka kuandika. Kushoto kulizidi, hadi tangu siku ya 9 nikawa nadondoshea kulia tu ili kushoto kupumzike. Sasa hivi kumetulia.

#20 Chumvi Nyingi
Asali ni ya mdomoni. Haina kazi jichoni, nukta.

#21 Fundi Miwani
Nukta umeiwahisha. Ipo asali ya manuka iliyotengenezwa kuwa dawa ya macho makavu, inauzwa kama dawa. Tofauti ni kwamba hiyo imepigwa mionzi kuua vijidudu na kuwekwa kwenye chupa iliyofungwa. Asali ya jikoni haijapita huko. Inaweza kuwa na mbegu za bakteria na fangasi zilizolala, na kijiko cha jana kimeongeza za kwake. Tumboni mwa mtu mzima hazina shida kubwa. Juu ya konea yenye mchubuko ni hadithi nyingine, na fangasi wa jicho anatibiwa kwa wiki nyingi.

#22 Mzee wa Busati
Nawasalimu. Mimi nina miaka 68 na macho yangu yameanza kuwa bluu bila asali, bila video, bila gharama. Kuna pete ya kijivu yenye ubluu imezunguka ile rangi. Wajukuu wananiita mzungu. Kinyonga, subiri tu mwanangu, yanakuja.

#23 bintiKasuku
Shikamoo mzee 😂. Huo siyo mtoto wa jicho kweli?

#24 Nurujicho
Mtoto wa jicho anakaa ndani ya mboni, nyuma. Pete ya mzee ni mafuta yaliyojikusanya pembeni ya konea. Kwa umri wake ni kawaida sana na haizuii kuona. Ila kijana wa chini ya miaka 40 akiiona pete hiyo apime lehemu kwenye damu.

#25 Mzee wa Busati
Marahaba. Basi mimi ni wa mafuta. Nimeshushwa cheo kutoka uzungu.

#26 Kitabu Wazi
Nimechelewa lakini niongeze. Rangi ya macho inaamuliwa na jeni, na kubwa kati yake ni OCA2 na jirani yake HERC2, zote kwenye kromosomu ya 15. Mwaka 2008 Hans Eiberg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Copenhagen walionyesha kuwa kuna badiliko dogo ndani ya HERC2 linalopunguza kazi ya OCA2, kama swichi ya kufifisha taa. Walikadiria lilitokea miaka 6,000 hadi 10,000 iliyopita. Na msidhani jicho la bluu lazima liambatane na ngozi nyeupe. Mifupa ya mtu wa miaka 7,000 hivi iliyopatikana La Braña, Hispania, jeni zake zilisomwa 2014 zikaonyesha macho ya bluu na ngozi nyeusi.

Swichi iko kwenye jeni, mkuu. Kijiko hakiifikii.

#27 Mtukutu77
Kwa hiyo wazazi wote macho ya bluu, mtoto akatoka kahawia, jirani ajieleze?

#28 Kitabu Wazi
Hapana, na tafadhali usivunje ndoa za watu kwa somo la darasani. Ile kanuni rahisi ya kahawia kuishinda bluu ni ya Charles na Gertrude Davenport, 1907. Imebaki vitabuni kwa urahisi wake. Utafiti wa 2021 uliohusisha watu karibu 195,000 ulipata sehemu 61 za jeni zinazochangia. Wazazi wa bluu kupata mtoto wa kahawia si kawaida, lakini hutokea.

#29 Mtukutu77
Jirani kashusha pumzi.

#30 Yai Viza
Na David Bowie, yule mwanamuziki wa Uingereza, je? Jicho moja bluu jingine kahawia. Alizaliwa hivyo?

#31 Mashaka Yote
Yalikuwa bluu yote mawili. Mwaka 1962 rafiki yake wa shule, George Underwood, alimpiga ngumi kwa ugomvi wa msichana. Misuli ya mboni ya jicho la kushoto ikaumia, mboni ikabaki wazi maisha yake yote. Ulichokuwa ukikiona ni mboni kubwa, siyo rangi. Wakaendelea kuwa marafiki, Underwood akamchorea na majalada ya albamu.

Kumbukeni hoja ya Mama Tausi ya mboni. Dunia nzima ilidanganyika miaka hamsini kwa mboni moja.

#32 Chumvi Nyingi
Mnaongea jeni na mboni, swali langu la #3 mmelikimbia. Kwa nini tunataka mepesi? Nani alisema meusi yana shida?

#33 Kinyonga Mpole
Mimi ni kupenda tu. Mtu akinyoa ndevu humuulizi kwa nini anachukia uso wake.

#34 Kitabu Wazi
Chumvi hajaenda mbali sana. Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, kati ya 1943 na 1945, daktari wao Mengele alikuwa akiwadondoshea watoto kemikali machoni kwenye majaribio ya rangi. Walionusurika walisimulia: maumivu, uvimbe, wengine kupoteza uwezo wa kuona. Sisemi Kinyonga anafanana na hayo hata kidogo. Ila hamu ya jicho jepesi ina historia, haikuzaliwa na video.

#35 Kinyonga Mpole
Hiyo sikuijua. Sina la kujibu.

#36 bintiKasuku
Nirudishe uzi chini kidogo. Mimi navaa lensi za rangi ya kijivu mwaka wa nne, sijapata shida. Nilipimwa jicho kwanza, siazimani na mtu, silali nazo. Kwa anayetaka rangi si njia fupi hiyo? Na leza je, si ipo?

#37 Fundi Miwani
Lensi ukizifuata hivyo, sawa. Ongeza moja: usizioshe kwa maji ya bomba hata mara moja. Kuna kiumbe kidogo, akantamiba, anaishi kwenye maji hayo, akiingia chini ya lensi anakula konea, na matibabu yake ni ya miezi.

Leza ipo, inapiga melanini ya airisi ivunjike. Swali ni vumbi la melanini linaenda wapi. Linaelea ndani ya jicho, linaweza kuziba mfereji wa majimaji, presha inapanda. Kuna kipandikizi cha silikoni kinachowekwa mbele ya airisi, hicho kimeacha watu na presha ya macho na konea zilizokufa. Kuna na kuchanjia wino kwenye konea, jambo la kale, Galen, tabibu wa karne ya 2, alishalitumia kuficha makovu meupe. Mwanzoni mwa 2024 chama cha madaktari wa macho cha Marekani kilitoa onyo kuhusu upasuaji huu wa kubadili rangi kwa urembo.

#38 Mgeni wa Leo
Mimi nasikiliza sauti za kulala nazo, zinaiambia akili ibadili macho kuwa kijani. Mwezi wa tatu. Nahisi yanaanza.

#39 Mashaka Yote
Karatasi nyeupe, kando ya shavu, dirisha lile lile.

#40 Kinyonga Mpole
Wakuu, nimerudi. Asali nimeisimamisha siku ya 26, Jongoo alinitoa usingizini. Nimepiga upya kama alivyosema Mashaka, karatasi shavuni, saa mbili asubuhi. Matokeo: kulia ni kahawia ile ile ya siku zote. Kushoto bado naona ni jepesi. Kidogo, lakini lipo, na safari hii dirisha liko mbele yangu, siyo pembeni.

#41 Mashaka Yote
Ngoja. #19 ulisema tangu siku ya 9 ulikuwa unadondoshea KULIA tu.

#42 Kinyonga Mpole
Ndiyo.

#43 Mashaka Yote
Kwa hiyo lililopauka ni lile uliloacha kulidondoshea.

#44 Mtukutu77
Dawa mpya imepatikana: kuacha. Dozi siku 17.

#45 Yai Viza
Au asali imehamia. Ya kulia ikapita kwenye damu ikaenda kushoto.

#46 Nurujicho
Ungecheka, ila jambo hilo lipo. Timolol, ya presha ya macho, ukiidondoshea jicho moja la pili nalo linaweza kushuka presha kidogo, kwa kupitia damu. Lakini asali kuruka jicho ililowekwa na kwenda kufanya kazi jirani, hapana.

#47 bintiKasuku
Niliona mimi #5, nikaambiwa dirisha! Halafu swali: hizo picha ni za kamera ya mbele? Nyingine zinageuza picha kama kioo. Kushoto kwetu huenda ni kulia kwako.

#48 Kinyonga Mpole
Sasa umenichanganya kabisa. Ngoja nikae mbele ya kioo nifumbe moja.

Nimerudi. Ni kushoto kwangu mimi, mkono wa saa.

#49 Mama Tausi
Mwanangu, hapo acha kioo. Nenda kwa daktari.

#50 Kinyonga Mpole
Nimekwenda. Kidevu kwenye kibao, paji kwenye mkanda, nikamkumbuka Jongoo. Konea zote zina vidoadoa vya mikwaruzo, kulia zaidi, vitapona. Presha ya macho iko sawa. Akazima taa, akaniuliza "hili la kushoto lilikuwa hivi tangu lini?" Nikamwambia ndicho nilichokuja kuuliza. Anasema airisi ya kushoto ni nyepesi kweli. Nirudi baada ya miezi mitatu, na nije na picha zangu za zamani, za utotoni ikiwezekana.

#51 Nurujicho
Umefanya vema. Picha anazitaka kwa sababu njia ni mbili. Ikiwa tofauti ipo tangu utoto, huenda ndivyo ulivyozaliwa na hukuwahi kujitazama kwa ukaribu huu. Ikiwa imekuja ukubwani, kuna uvimbe wa ndani wa polepole alioueleza Ernst Fuchs mwaka 1906, unaopausha airisi ya jicho moja, mara nyingi hauumi na hauleti wekundu mkali. Unaweza kuzaa mtoto wa jicho na presha, ndiyo maana ya kurudi. Sisemi ndiyo wenyewe.

#52 Yai Viza
Mimi naweka ya tatu: kushoto ndiyo rangi yako halisi, kulia kumekolea kwa sababu ya kuwashwa wiki nne.

#53 Fundi Miwani
Wiki nne za asali juu ya konea kukoleza airisi? Ni yale yale ya #1, yamegeuzwa shati ndani nje.

#54 Mashaka Yote
Na mkewe alipouliza "macho yako yana nini", alimaanisha rangi au wekundu? Ilikuwa wiki ngapi? Mtu kamuuliza?

#55 Kinyonga Mpole
Nimemuuliza. Anasema alimaanisha yalikuwa yanatiririka na alidhani nimelia.

Picha nimepata moja, nina miaka mitatu, uso wote mbele. Flashi. Macho yote mawili mekundu kama taa za breki.

#56 Nurujicho
Wekundu huo ni mwanga wa flashi ukirudi kutoka nyuma ya jicho. Mekundu yote mawili ni habari njema. Wazazi mnaosoma: mtoto akitokea kwenye picha za flashi jicho moja jekundu na jingine jeupe, mpelekeni akachunguzwe haraka, inaweza kuwa saratani ya jicho ya utotoni.

#57 Kinyonga Mpole
Ahsante. Lakini rangi bado siioni.

#58 Mama Tausi
Muulize mama yako. Mama anajua.

#59 Kinyonga Mpole
Nimempigia. Kasema "yalikuwa ya baba yako, yote mawili", akakata simu.